Onyesho Kwanza, Biriani Baadaye: Vidokezo vya Safari ya Kundi Kwenda Taarab Unguja

Kila kundi la marafiki lina mtu mmoja anayesema "jamani tutoke," na wengine chungu nzima wanaojibu "poa" kisha wanakaa kimya. Kama wewe ndiye yule mmoja, soma hapa. Safari ninayoizungumzia ni ya siku mbili kwa watu wa Dar es Salaam: mnavuka asubuhi, usiku mnasikiliza taarab, mnakula vizuri, kesho yake mnakwenda shamba kutembea, jioni mmerudi. Si lazima mtafute wakala. Kinachoiharibu mara nyingi ni mpangilio uliogeuzwa kichwa chini: watu hukata tiketi za boti, wakalipia hoteli, wakaandika orodha ndefu ya vivutio, ndipo wakiwa Forodhani wanaulizana, "Hivi leo taarab iko wapi?"

1. Tarehe iwekwe na wanamuziki

Boti zipo kila siku, na biriani ipo kila siku. Lakini kundi kamili la taarab, lenye fidla za kutosha na kanuni na udi na waimbaji wamekaa nyuma kwenye viti vyao, halipandi jukwaani kila jioni. Kwa hiyo tafuteni onyesho kwanza, mengine yatajipanga nyuma yake. Ulizeni klabu zenyewe, au mtu mkaaji wa Mjini Unguja, siyo ukurasa wa matangazo wa mwaka juzi.

Kuna majira yanayorahisisha kazi. Februari kuna Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe. ZIFF, tamasha la filamu linaloendelea tangu 1998, nalo huja na usiku wake wa muziki. Sikukuu za Idi ni za wenyeji zaidi kuliko za wageni, na mimi nazipenda kwa sababu hiyohiyo: mji umevaa vipya, watoto wana senti zao, na anayeimba jukwaani anawaimbia jirani zake.

Halafu kuna Mwaka Kogwa, kule Makunduchi kusini, mwezi Julai. Huko utapata onyesho, mlo na matembezi mahali pamoja: wanaume wanachapana kwa vigogo vya migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanapita wakiimba, na nyumba za kijiji zinapenda mgeni aje ale. Ukiweza kwenda na kundi lenye adabu, usiitafutie safari nyingine mwaka huo.

Ramadhani ifuteni kwenye kalenda. Muziki hunyamaza, mikahawa mingi hufungwa mchana, na si uungwana kuwajia watu na kelele za safari katika mwezi wao wa ibada. Mwezi huo husogea nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, basi msitumie kumbukumbu ya mwaka jana. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ina tatizo lake: Ngome Kongwe ni ukumbi wa wazi, na mvua haiheshimu kanuni. Na wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, bahari huwa na makali. Wanaochefukwa wakae chini, nyuma ya boti, na tangawizi mfukoni.

2. Watu wasizidi viti vya Hiace

Kumi na mbili, kumi na tatu hivi. Sababu si mapenzi yangu tu. Idadi hiyo inapanda gari moja, inakaa kwenye meza mbili zilizounganishwa, na mtu mmoja anaweza kuihesabu kwa macho bandarini. Mkifika ishirini mnahitaji magari mawili, na magari mawili maana yake ni safari mbili zinazopigiana simu mchana kutwa: "Mko wapi? Sisi tumeshafika. Tuwasubiri?" Kama wanaotaka ni wengi, fanyeni zamu mbili kwa miezi miwili. Wa zamu ya kwanza watawatangazia wa pili bure.

Kabla ya kuchagua nyumba ya kulala, ulizeni ngazi. Nyumba za Mji Mkongwe ni nzuri na ndefu, na ngazi zake ni za mbao, zimesimama wima kama minazi. Shangazi mwenye magoti mabovu apewe chumba cha chini, tena kabla hajaomba. Gari nalo haliingii vichochoroni, kwa hiyo mabegi yatatembea: mwenye sanduku kubwa atalibeba mwenyewe, na aambiwe mapema.

3. Mshika pesa asiwe mshika njia

Hapa makundi mengi hugombana, basi tuseme wazi. Anayeongoza safari asishike fedha, na anayeshika fedha asiongoze. Mmoja akiwa anabishana na dereva, mwingine awe anahesabu chenji.

Michango ikusanywe yote kwa simu kabla ya siku ya mwisho mliyokubaliana, na jina la asiyelipa lisitajwe kwenye kundi la WhatsApp; apigiwe pembeni. Gari, nyumba na chakula vitataka arubuni. Ulizeni arubuni hiyo inarudi au hairudi, na jibu liwe la maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi tu. Nauli ya boti kwa raia na kwa mgeni si moja, kwa hiyo kila mtu aje na kitambulisho chake, na mwenzenu wa Nairobi au Bujumbura aje na pasipoti, maana bandarini Unguja ataulizwa.

Kisha tengeni mfuko mdogo peke yake, wa noti za elfu moja na elfu mbili, usiochanganywa na pesa ya chakula. Kazi yake mtaiona kwenye kidokezo cha tano.

4. Kubalianeni mnakwenda kusikiliza taarab ipi

Mtu akisema "taarab" huko bara, nusu ya kundi linawaza kinanda cha umeme na spika za kupasua masikio, nusu nyingine linawaza bibi aliyekaa kwenye kiti. Wote wako sahihi, na wakikutanishwa usiku mmoja bila kuambiwa, nusu watasinzia.

Kuna taarab asilia, ile ya kundi kubwa. Asili yake husimuliwa kuanzia kwa Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, na ambaye alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Ikhwan Safaa, na klabu hiyo bado ipo, imepita sultani, Mwingereza na Mapinduzi. Culture Musical Club ni ya baadaye, 1958. Hapa watu hukaa, husikiliza, na ubeti mmoja hupewa muda wake. Kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, fidla zitakuwa zimezungumza kitambo kizuri. Asiyejua hilo atadhani mitambo imeharibika.

Kuna kidumbak, ndugu yake wa harusini na mitaani: fidla moja inayokwenda mbio, vidumbaki viwili, cherewa, mkwasa, na sanduku lenye uzi na kijiti likifanya kazi ya besi. Hapo hukai. Mwenye kiuno atakitumia, na asiye nacho atakopa.

Na kuna rusha roho, taarab ya kisasa ya vinanda, iliyopanda chati kuanzia miaka ya tisini, ya vijembe vya wazi na kumbi za kucheza. Wako wanaoidharau. Mimi siwaungi mkono, ila nasema hivi: kama mmelipa nauli ya boti, nendeni mkasikie kile ambacho Dar hamkipati kirahisi, yaani kundi asilia au kidumbak. Rusha roho mtaikuta Magomeni mkirudi.

Wiki moja kabla ya safari, mratibu arushe nyimbo tatu au nne kwenye kundi, na maelezo mafupi ya Siti binti Saad: mwanamke wa kijiji cha Fumba, aliyeingia mjini akiuza vyungu, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu mzima. Mtu akishajua hayo, hata kiti kigumu cha plastiki hukivumilia.

Kidokezo ndani ya kidokezo: tarehe zikigoma kabisa, ombeni kuhudhuria mazoezi. Klabu za Unguja hufanya mazoezi jioni, na mgeni aliyeomba kwa adabu, akakaa kimya na kuacha chochote kwenye chungu cha klabu, mara nyingi hupokelewa. Utawaona wakikosea, wakicheka, wakirudia kipande kilekile, jambo ambalo jukwaani huwezi kuliona. Ulizeni pia maonyesho ya wanafunzi na walimu wa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, na kama mtabahatika, kundi la Tausi, ambalo wapigaji wake ni wanawake watupu.

5. Mjue kutunza

Mgeni wa mara ya kwanza huogopa hapa. Katikati ya wimbo, mwanamke anainuka kitini, anakwenda taratibu mbele akiyumba na mdundo, noti mkononi ameiinua ionekane, anampa mwimbaji, anageuka, anarudi kitini na mwendo uleule. Hakuna anayekimbia. Kutunza ni sehemu ya onyesho, na anayetunza naye anatazamwa: nguo yake, hatua yake, ubeti alioinukia.

Ubeti ndio wenye hatari yake. Nyimbo za taarab zimejaa mafumbo, na ukiinuka haraka kwenye maneno ya mpangaji aliyesahau fadhila, jirani yako wa kiti cha kulia anaweza kuyachukua yake. Wakati mwingine ndivyo ulivyokusudia, hayo si yangu. Lakini kama hujui maana, subiri mstari wa mapenzi matupu au wa sifa, au muulize bibi aliye karibu: "Shoga yangu, hapa panasemwa nini?" Atakueleza, na pengine atakushika mkono muende wote.

Noti ndogo nyingi zina heshima kuliko noti kubwa moja, kwa sababu mtainuka mara kadhaa na kundi zima litapata zamu. Ndiyo kazi ya ule mfuko. Mshika pesa agawe noti kabla hamjaingia ukumbini, siyo gizani wakati wimbo unakwisha. Msirushe pesa hewani. Na wanaume wa kundi, kutunza hakuwakatazi. Ni aibu zenu tu.

Simu: pigeni picha wimbo wa kwanza, kisha zikae mkobani. Mwimbaji anayetazama taa kumi na tatu hamwimbii mtu.

6. Mlo na onyesho visikae meza moja

Najua kuna mahali wanapouza vyote pamoja, mto wa kuegemea, sinia la chakula na udi unalia pembeni, na baadhi ya mahali hapo ni pazuri kwelikweli. Kwa watu wawili, sawa. Kwa kundi, hapana. Watu kumi na tatu wakipewa samaki wa nazi watazungumza, vijiko vitagongana, na mpiga udi atageuka pazia. Kuleni kabla kidogo na baada vizuri, au kinyume chake.

Mpango ninaoupenda ni huu. Saa kumi jioni, urojo: bakuli moja kwa mtu, lenye bajia, viazi, kachori, chipsi za muhogo na ukwaju wa kutosha kukukunja uso. Huo utawafikisha hadi wimbo wa mwisho. Onyesho likiisha mapema, Forodhani pako wazi, na mishikaki na maji ya miwa na ile pizza ya Zanzibar inayokunjwa na yai. Ulizeni bei ya kila kipande kabla hakijagusa sahani, na mpendelee chakula kinachochomwa mbele yenu kuliko pweza aliyepangwa kwa urembo tangu magharibi.

Mlo mkubwa uwe wa mchana wa pili, umeagizwa. Pilau ya watu kumi na tatu haiibuki jikoni kwa muujiza. Mwambieni mpishi siku moja kabla, chaguo liwe mawili tu, na mwenye mzio wa pweza au kamba aseme wakati wa kuagiza. Wapo kina mama wanaopikia wageni nyumbani kwa oda, na huko ndiko utakapokuta boko boko laini, mkate wa ufuta wa moto na mchuzi ambao hoteli haina subira nao. Kama ni Ijumaa, msipange chakula saa saba mchana: watu wako msikitini.

Malizieni na kahawa chungu na halua. Anayeomba sukari kwenye kahawa hiyo asifukuzwe kwenye kundi, ila atazamwe.

7. Mchana, mahali pawili

Siyo patano. Mtu aliyelala saa nane za usiku akapelekwa kwenye vivutio vitano atakumbuka kiti cha gari tu. Chagueni njia moja yenye kisa.

Njia ya kaskazini ya mji ni fupi na ina hadithi ndefu. Mtoni kuna magofu ya kasri la Sayyid Said, ambako mwaka 1844 alizaliwa Bi Salme, binti wa mfalme aliyekuja kuolewa na Mjerumani na kuandika kumbukumbu zake, zilizochapwa 1886. Njiani mtapita Maruhubi, kasri la Barghash lililoungua 1899 na kubakiza nguzo. Ukipanda juu unafika Kidichi, hamamu iliyojengwa 1850 kwa ajili ya mke wa Sayyid Said aliyetoka Uajemi, na humo humo jirani ndimo yalimo mashamba ya viungo. Barghash aliyeisaidia taarab ndiye mwenye Maruhubi, kwa hiyo usiku na mchana wenu utakuwa umeshikana. Mwenye kundi linalosoma, aende huku.

Njia ya kusini inataka siku ndefu: Jozani kwa ajili ya kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake, halafu Kizimkazi Dimbani kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Msikiti huo bado unasaliwa. Vueni viatu, ombeni ruhusa, na wenye kaptula wabaki nje.

Kama kundi lina watoto, achaneni na kasri na hamamu. Pandeni boti mwende Changuu mkatazame kobe wakubwa, ukoo wa wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Watoto hawana haja na Barghash wakiwa na kobe.

8. Mavazi

Mji Mkongwe ni mtaa wa watu, wala si ufuko. Mabega na magoti yafunikwe. Kwa usiku wa taarab, vaeni vizuri kupita kiasi, hakuna atakayewacheka. Kina mama wakiwa na leso za jina moja au dera za rangi moja, mwimbaji atawaona tangu mlangoni. Viatu virefu na vichochoro vya mawe haviivani.

9. Wasioweza kulala nje

Wapo wenye watoto wachanga, wenye zamu, wenye waume wakali. Kwa hao, safari ya siku moja ni Bagamoyo, kiasi cha kilomita 70 kutoka katikati ya Dar. Hapo pia onyesho liwe la kwanza: TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ndiyo inayofundisha ngoma, maigizo na muziki, na tamasha lake la kila mwaka linaendelea tangu 1982. Nje ya tamasha, ulizeni chuoni kama kuna onyesho la wanafunzi mchana au jioni ya Jumamosi. Mchana pitieni magofu ya Kaole na makaburi yake ya nguzo, kisha misheni ya mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa. Samaki mtakula ufukweni. Ondokeni Dar kabla ya saa moja asubuhi. Foleni ya Tegeta haijali mmepanga nini.

Na wasioweza hata hiyo, dansi lipo mjini. DDC Mlimani Park, Sikinde yenyewe, imekuwapo tangu 1978, na Msondo ina mizizi mirefu zaidi, hadi NUTA Jazz ya 1964. Kuleni nyumbani, ingieni ukumbini saa nne, na msiondoke bendi ikiwa bado inapasha.

10. Kurudi

Msichukue boti ya mwisho. Chukueni ya kabla yake, ili gari likichelewa kutoka shamba pawe na nyingine nyuma yenu. Mwenye tiketi zote ashuke kwanza garini. Asiyeonekana dakika arobaini kabla ya safari apigiwe na mtu mmoja tu, siyo na kundi zima.

Mkishakaa kwenye boti, mshika pesa atoe daftari wakati watu bado wako pamoja na hawana pa kukimbilia: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kilichobaki kirudi kwa wenyewe au kiwe arubuni ya safari ijayo, na hilo lipigiwe kura kabla hamjaiona Kigamboni.